Vipande vya jeraniamu kutoka Lushoto vinaozea Dar. Tatizo ni joto, maji au mkono?

#1 Binti_Msambaa
Wakuu salaam. Naleta hili hapa kwa sababu nyumbani limezua mabishano yasiyoisha.

Bibi yangu yuko Lushoto, upande wa Soni. Jeraniamu nyekundu zimeizunguka nyumba yake tangu sijazaliwa. Hana dawa, hana mbolea ya dukani. Akitaka mche mwingine anavunja tawi kwa mkono, analichomeka ukingoni mwa baraza, anaendelea na shughuli zake. Linashika.

Mimi nimepanga Tabata, ghorofa ya kwanza, nina kibaraza kinachotazama magharibi. Nikitoka kwa bibi na vipande naviweka kwenye ndoo za rangi zenye udongo na samadi, namwagilia asubuhi na jioni. Mwanzoni vinaonekana vizima. Halafu shina linakuwa jeusi kuanzia chini, weusi unapanda, ukifika kwenye majani kila kitu kinalala. Vichache vilivyoshika vimerefuka, vina majani mapana ya kijani, ua hata moja hakuna.

Mama anasema sina mkono wa kupanda. Shangazi anasema maua ya milimani hayakubali pwani, ninunue bogenvilia nipumzike. Bibi mwenyewe anasema nakata mwezi ukiwa mchanga. Nani yuko sahihi?

#2 NgojaTuone
Nimevuta kiti mbele kabisa. Wajuzi wa maua njooni.

#3 Mzee_wa_Kitalu (Morogoro)
Pole binti. Huku kwenye vitalu tunauita shina jeusi. Mara nyingi anayeuleta ni kimelea cha udongoni kiitwacho Pythium, na anapenda vitu viwili ambavyo umempa vyote: udongo usiokauka na samadi isiyoiva. Kipande hakina mizizi, kwa hiyo hakina cha kunywea. Maji ya asubuhi na jioni yanabaki pale pale kwenye kidonda.

Fanya hivi. Chagua tawi lenye afya lisilo na ua, urefu wa sentimita 8 hadi 10. Kata chini kidogo ya kifundo, ndipo mizizi inapotoka kwa urahisi. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili au matatu juu. Vile vijani vidogo vikavu vinavyokaa kwenye vifundo uvitoe pia, kwa kuwa uozo hupenda kuanzia hapo. Halafu USIPANDE. Laza kivulini mpaka kidonda kikauke, saa kadhaa au usiku mzima. Jeraniamu ina shina nene lenye akiba ya maji, haitakufa kwa hilo.

Chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, au mchanga nusu na makumbi ya nazi yaliyosagwa nusu. Kopo liwe na matundu ya kutosha. Mwagilia mara moja, kisha usirudie mpaka juu pakauke. Kati ya wiki mbili na nne utaona jani jipya likifunguka, ujue chini kuna mizizi.

Na usifunike kwa mfuko wa plastiki. Najua waridi tunalifunika. Majani ya jeraniamu yana vinyweleo, yakifungiwa kwenye unyevu yanaota ukungu. Mbolea subiri mpaka ishike.

#4 Kapteni_Kigamboni
Mzee wa Kitalu namheshimu, ila tuulize kwanza: maji yanatoka wapi? Visima vingi vya Dar vina chumvi. Sisi wa Kigamboni habari hiyo tunaijua kuanzia kwenye chai mpaka kwenye sabuni isiyotoa povu. Ukimwagilia ndoo mara mbili kwa siku maji yanakauka, chumvi inabaki, na kila siku unaongeza nyingine. Tazama ukingo wa ndoo kama kuna unga mweupe. Ncha za majani zikigeuka kahawia kabla shina halijaoza, mchawi wako ni kisima.

Kinga maji ya mvua. Kipande kimoja kipe ya mvua, kingine ya kisima, uone. Hutahitaji kubishana na mama.

#5 Mama_Limuru
Hamjambo wote. Mimi niko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huku jeraniamu ni ua la kila ukuta. Kwa maoni yangu nyinyi wawili mnazunguka jambo lenyewe, nalo ni joto.

Jeraniamu za kawaida zenye duara la rangi nyeusi kwenye jani hupenda mchana wa nyuzi 18 hadi 24 na usiku ulio baridi kuliko hapo. Dar mwezi wa pili usiku unakaa kwenye nyuzi 25 na mchana unapita 30. Mmea haupati hata saa moja ya kupumua. Usiku wa joto unatumia chakula chote ulichotengeneza mchana, ndiyo maana unarefuka, unalegea na hautoi ua. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, usiku wa Julai unatafuta blanketi. Bibi hana uchawi wowote, ana hali ya hewa.

Zaidi ya hapo, kibaraza kinatazama magharibi. Jua la saa tisa alasiri likipiga ndoo ya plastiki, mizizi inapikwa. Peleka upande wa jua la asubuhi.

#6 Binti_Msambaa
Asanteni sana. @Kapteni ni kisima kweli, na unga mweupe upo. Lakini ncha za majani hazijaungua, shina ndilo linaanza. @Mzee, ndoo zina matundu mawili tu, nilitoboa kwa msumari wa moto. @Mama Limuru hoja ya usiku nimeielewa, ila vipande vingine nilivileta mwezi wa saba Dar ikiwa na ubaridi, na vyenyewe vilikwenda hivyo hivyo.

#7 Fundi_Seremala
Matundu mawili, maji mara mbili, samadi chini. Dada hapo hukupanda maua, ulianzisha bwawa la kambare 😂

#8 Mama_Limuru
@Fundi mwache msichana ajifunze. Ila kambare wangenenepa.

#9 Mgosi_wa_Milimani (Lushoto)
Nimeona jina Soni nikaingia mbio. Nitaongea kwa ajili ya bibi maana hayupo humu.

Watu wanadhani wazee wanachomeka ovyo. Tazama anachomeka wapi. Ukingoni mwa baraza, chini ya upenu, mahali ambapo mvua haipigi moja kwa moja na ardhi ina mteremko. Maji yetu hayasimami, yanashuka. Tazama pia tawi analochukua. Havunji ncha laini ya kijani, anachukua lililokomaa kidogo linalotoa mlio likivunjika. Tawi laini mno linaoza, gumu mno linakawia. Mkono wake unajua bila yeye kueleza. Mama yako akisema "mkono" nadhani anasema hilo.

Kuhusu mwezi, wazee huku wanakata mwezi ukiwa unapungua, wanasema tawi lina maji machache. Sitabishana na mtu mwenye maabara. Ninachojua ni kwamba anayesubiri mwezi hakati kwa pupa, anakagua mmea siku nyingi kabla, na anakata asubuhi.

#10 Mzee_wa_Kitalu
@Mgosi umesema vizuri kuhusu tawi na mteremko. Kwenye mwezi tutaachana kwa amani. Mimi nakata wakati wowote, ila asubuhi kweli, na mmea niwe nimeupunguzia maji tangu jana yake. Huenda wewe na mimi tunafanya kitu kimoja kwa sababu mbili.

#11 Bwanashamba_Mstaafu
Mjadala mzuri, lakini mmeruka jambo moja ambalo lingenifanya mimi nisibebe kipande chochote kutoka shambani mpaka nimekikagua.

Si kila shina jeusi ni Pythium, na si kila mnyauko ni maji mengi. Kuna mnyauko bakteria, Ralstonia solanacearum, ule ule unaoozesha viazi mviringo na kunyausha nyanya. Jeraniamu inaupata na inaweza kuubeba muda mrefu bila dalili, hasa kwenye baridi. Ukiihamishia kwenye joto bakteria wanaamka, majani ya chini yanajikunja na kugeuka njano, mmea unalala. Lushoto ni nchi ya viazi na mboga. Bibi akipanda maua kandokando ya viazi na maji ya mfereji ni yale yale, inawezekana kabisa tawi zima huko likaja kufia Tabata.

Kipimo cha nyumbani: kata kipande cha shina karibu na chini, kitundike kwenye glasi safi ya maji, ncha iliyokatwa iguse maji tu. Kaa dakika chache bila kuitikisa. Nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, hiyo ni bakteria. Mmea huo uchome, udongo wake usiuhamishie kwenye nyanya. Ukiwa ni Pythium hutaona nyuzi.

Kisu kifute kwa spiriti au maji ya jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Hapo ndipo naungana na bibi bila yeye kujua: anayevunja kwa vidole hahamishi ugonjwa kwa kisu.

#12 Kapteni_Kigamboni
Bwanashamba, viazi na jeraniamu ugonjwa mmoja? Hiyo ni mpya kwangu. Una mfano au ni nadharia?

#13 Bwanashamba_Mstaafu
Mfano mkubwa kabisa. Mwaka 2003 Marekani waliukuta ugonjwa huu kwenye jeraniamu zilizooteshwa kutokana na vipandikizi vilivyotoka Kenya. Nyumba za kuoteshea maua katika majimbo mengi zilifungiwa na mimea mingi sana ikateketezwa. Si kwamba waliyalilia maua. Waliogopa viazi vyao. Ile aina ya bakteria inayostahimili baridi, wanayoiita kundi la 3 (kwa Kiingereza race 3), walikuwa wameshaiweka mwaka mmoja kabla kwenye orodha ya viumbe vinavyodhibitiwa kwa sheria ya kuzuia silaha za kibiolojia. Mwaka 2020 ikatokea tena, safari hii vipandikizi vilitoka Guatemala.

Tangu hapo mashamba ya vipandikizi yana ukali wa hospitali. Unakanyaga dawa mlangoni, unabadili koti, kisu kimoja kwa mstari mmoja, maji yanatibiwa.

#14 Mfanyakazi_wa_Maua (Thika)
Nathibitisha #13 kwa upande wa ukali. Nimefanya kazi kwenye banda la jeraniamu, kampuni siitaji. Kazi yetu ilikuwa kukata tu. Kipande kinapimwa urefu kwa macho, majani yanahesabiwa, kinaingia kwenye mfuko, mfuko kwenye sanduku, sanduku kwenye chumba cha baridi, usiku kwenye ndege. Hakina mizizi kikiondoka. Huko Ulaya ndiko kinakooteshewa.

Jambo moja nililojifunza na linamhusu dada wa Tabata: kipande kinachokawia njiani kinatoa gesi ya etilini, na kikifungwa kwenye mfuko wenye joto majani yanageuka njano. Kwa hiyo dada, unasafiri nacho vipi? Kama kinakaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya basi kutoka Lushoto hadi Dar, kikifika kimeshachoka hata kabla ya Pythium na kisima na mwezi. Funga kwenye gazeti kavu, weka kwenye kikapu kinachopitisha hewa, usikae nacho upande wa jua.

#15 Binti_Msambaa
Mfuko wa plastiki. Na huwa nauweka chini ya kiti karibu na injini.

#16 Fundi_Seremala
Kwa hiyo sasa tuna maji, chumvi, joto, bakteria, mwezi na injini ya basi. Mama alisema mkono. Mama bado anaongoza kwa ufupi.

#17 Mjomba_Munich
Salaam kutoka Ujerumani ya kusini. Nimefurahi kuona kazi ya Thika hapa, kwa sababu huku kila roshani ya mbao kijijini ina jeraniamu zinazoning'inia, watalii wanapiga picha wakidhani ni maua ya Alps. Sehemu kubwa ya vipande imezaliwa Kenya, Uganda na Ethiopia.

Huku tatizo letu ni kinyume cha lenu. Zinatoka nje baada ya katikati ya Mei, baridi ya mwisho ikishapita, na mwezi wa kumi tunaziingiza ndani. Jirani yangu mzee anazikata fupi, anazishusha ghala la chini ya nyumba lenye nyuzi 5 hadi 10, karibu hazipewi maji miezi yote ya baridi. Zinaonekana zimekufa. Machi anazileta dirishani na zinachipua. Nasema hili ili dada aone mmea huu unavumilia kiu kuliko sisi tunavyodhani. Kinachouua ni huruma.

#18 Kilimo_Kwanza_Kijana
Mjomba mbona nimesoma kwamba jeraniamu inalala nje kwenye theluji na kuchipua tena? Ghala la nini?

#19 Bwanashamba_Mstaafu
Hiyo uliyosoma ni mmea mwingine. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Linnaeus, mwaka 1753 aliyaweka yote kwenye jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya karibu, Geranium. Mfaransa L'Héritier akayatenganisha mwaka 1789. Zinazovumilia theluji ni Geranium zenyewe, na tunazo hata sisi, vimaua vidogo vya milimani huko Kilimanjaro. Haya ya kwenye makopo ni Pelargonium, asili yake kubwa ni Afrika Kusini, na barafu inayaua. Ukitafuta maelekezo mtandaoni hakikisha yanahusu Pelargonium, la sivyo utapewa ushauri wa mmea usiokuwa nao.

#20 Mama_Limuru
Na hapa Afrika Mashariki tuna Pelargonium za porini pia. Ipo moja yenye maua ya rangi ya ajabu, kijani kinachoelekea buluu, Pelargonium quinquelobatum. Wenye subira ya mbegu waitafute. Mwisho wa kuchepuka, turudi kwa msichana.

#21 Bi_Mrehani (Unguja)
Assalaam aleikum. Nimesoma yote na nataka kumpinga Mama Limuru kwa adabu. Mimi niko Unguja, usawa wa bahari, na jeraniamu ninayo. Si ile nyekundu, ni ile yenye jani la kuchanika linalonukia waridi ukiligusa. Ipo uani pamoja na mrehani na asumini, chini ya kivuli cha mpera. Nimegawa vipande mtaa mzima. Kama joto ndilo linaloua, mbona yangu ipo?

Mimi nachomeka kipupwe tu, mwezi wa sita hadi wa nane, kusi likivuma. Kaskazi sigusi. Udongo wangu ni mchanga mtupu na majani yaliyooza.

#22 Mama_Limuru
Wa aleikum salaam Bi Mrehani. Hujanipinga, umenisaidia. Zinazonukia ni za ukoo mwingine na zinavumilia joto zaidi. Na wewe mwenyewe unasema kaskazi huzigusi! Hebu niambie, inatoa maua?

#23 Bi_Mrehani
Maua machache sana, vidogo vya rangi ya waridi hafifu. Siitaki kwa maua, naitaka kwa harufu. Jani moja ndani ya chai, au kwenye sukari ya keki. Lakini kushika inashika, na swali la kwanza la mtoto lilikuwa kuoza, si maua. Mchanga wangu ndio jibu, wala si ukoo.

#24 Kapteni_Kigamboni
Na Unguja nako maji ya visima vingi yana chumvi. Bi Mrehani unamwagilia ya wapi?

#25 Bi_Mrehani
Ya mfereji yakitoka. Yasipotoka, ya kisima. Haijalalamika.

#26 Kapteni_Kigamboni
Basi chumvi nairudisha hatua moja nyuma. Lakini uani mchanga unasafishwa na mvua, ndoo haisafishwi na kitu. Sijaiondoa.

#27 Mpangaji_Sinza
Samahani naingilia. Hiyo ya kunukia ndiyo inayofukuza mbu? Kuna muuzaji barabarani ananiuzia "mti wa mbu" kwa bei ya kunitoa jasho, anasema weka dirishani lala bila chandarua.

#28 Bwanashamba_Mstaafu
Usiache chandarua! Nasisitiza. Huo unaouzwa hivyo mara nyingi ni Pelargonium yenye harufu ya limau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha mwaka 1996 majaribio yao dhidi ya mbu wa jamii ya Aedes na hawakuona mmea ukiwafukuza. Mafuta yaliyokamuliwa ni habari nyingine, yana nguvu kidogo kwa muda mfupi yakipakwa. Mmea uliokaa kimya dirishani hautoi harufu ya kutosha.

#29 Bi_Mrehani
Mimi nalisugua jani mikononi jioni na naona nafuu. Lakini chandarua kipo, sijakitoa.

#30 Mkazi_wa_Huye (Rwanda)
Kwa mafuta, huku Rwanda kuna wakulima wanaolima ile ya kunukia na kuikamua kwa mvuke kwa ajili ya manukato. Vipande tunaotesha kwenye matuta yaliyoinuliwa, chini ya kivuli cha nyasi, wakati mvua inapoanza kupungua. Katikati ya masika hatuthubutu. Namuunga mkono Mzee wa #3: unyevu unaosimama.

#31 Dada_Mifugo
Mwenye paka asome hapa: paka na mbwa wakila majani ya Pelargonium wanatapika na kukosa hamu ya kula. Weka juu. Naondoka.

#32 Mzee_wa_Kitalu
Turudi kwenye swali la pili la binti maana tumelisahau: zilizoshika hazitoi maua. Mimi nasema samadi. Naitrojeni nyingi inaleta majani mapana ya kijani, ndivyo alivyoeleza mwenyewe. Punguza, tumia majivu kidogo au mbolea yenye potasiamu zaidi. Chungu kiwe kidogo, mizizi ikibanwa kiasi ndipo inafikiria maua. Na kila ua likinyauka livunje na kikonyo chake chote, usiache litengeneze mbegu.

#33 Mama_Limuru
Nami nasema mwanga na usiku. Zile zenye maua makubwa yenye madoa, wanazoziita za kifalme, hazianzi kabisa kutengeneza chipukizi la ua bila wiki kadhaa za usiku chini ya nyuzi 16 hivi. Ukiwa na hizo Dar, hata umpe majivu ya mkaa wa mbinguni hutaona ua. Za duara hazina sharti hilo, ila zinataka mwanga mwingi bila joto kali. Binti, majani yana duara au hayana?

#34 Mgosi_wa_Milimani
Za Soni nazifahamu, zina duara na maua mekundu yaliyojaa. Ni zile za zamani, watu wamekuwa wakipeana kwa vipande. Kipande ni mama yule yule, kwa hiyo ua la bibi na ua la jirani yake ni mmea mmoja uliogawanywa miaka yote hiyo. Pengine na ndiyo maana zinachoka. Mmea unaogawiwa bila kukaguliwa unaweza kubeba virusi kimya kimya.

#35 Mzee_wa_Kitalu
Hilo la virusi ni kweli, vipo. Ila za bibi zinachanua vizuri, kwa hiyo virusi peke yao hawawezi kubeba lawama.

#36 Binti_Msambaa
Narudi na taarifa. Zina duara, @Mama Limuru.

Nilikwenda kwa bibi, nikamsomea uzi mzima. Alicheka sana kwenye kambare. Akaniambia nichukue tawi lililokomaa, akanionyesha kwa kuvunja mwenyewe, kisha akauliza mwezi uko wapi. Nimebeba kwenye gazeti, juu kwenye rafu ya mizigo. Nimevilaza usiku, nimechomeka kwenye mchanga uliooshwa, makopo yenye matundu mengi, upande wa jua la asubuhi kwa jirani yangu anayetazama mashariki. Nusu nimetumia maji ya mvua, nusu ya kisima.

Kipimo cha glasi nilikifanya kwenye shina la zile za zamani zilizokuwa zinakufa: hakuna nyuzi.

Matokeo: vingi vimeshika, na kuoza kumepungua sana. Vilivyooza vipo pande zote mbili, vya mvua na vya kisima. Vya kisima vina majani madogo zaidi kidogo. Vipande viwili ambavyo mama alichomeka mwenyewe kwenye ndoo yangu ile ile ya zamani, udongo ule ule, bila kukausha, navyo vimeshika. Ameniita nije nivione.

#37 Fundi_Seremala
MAMA 🙌

#38 Mgosi_wa_Milimani
Nilisema.

#39 Mzee_wa_Kitalu
Hongera binti. Kuhusu ya mama, naomba kuuliza: ndoo ilikuwa imekauka kwa muda gani kabla hajachomeka, na anamwagilia mara ngapi?

#40 Binti_Msambaa
Ilikaa kavu tangu nilipoiacha. Na yeye hamwagilii, anasema akikumbuka.

#41 Mzee_wa_Kitalu
Basi mkono wa mama ni kusahau maji. Nimeridhika.

#42 Mama_Limuru
Mimi sijaridhika mpaka nione ua moja hapo mwezi wa pili. Kushika kwa kipupwe kila mtu anashika. Tuletee habari kaskazi ikianza.

#43 Bwanashamba_Mstaafu
Na glasi rudia kwa kila mzigo mpya kutoka shambani. Mmea mmoja usio na nyuzi hausemi lolote kuhusu mwingine.

#44 Mpangaji_Dodoma
Wakuu, mimi niko Dodoma, mchana jua kali, usiku kipupwe kunapoa vizuri, maji ya shida. Naona mmea huu unanifaa. Nani ana vipande?

#45 Binti_Msambaa
Ninavyo. Ukipita Dar nitumie ujumbe wa ndani, uje na gazeti. Vya kunukia muombe Bi Mrehani, mimi sina.

#46 Bi_Mrehani
Vipo, ila asubiri mwezi wa sita. Sasa hivi sikati.